Mama anayelea mtoto mwenye ulemavu wa akili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu afya yake mwenyewe

Kadi ya kliniki huandikwa jina la mtoto, uzito wa mtoto, dawa za mtoto na tarehe ya kumrudisha mtoto. Mama aliyembeba mgongoni kutoka stendi hana mstari wake. Majibu haya ni kwa ajili yake, na kwa yeyote anayeishi naye. Yameandikwa kwa kuifikiria Tanzania zaidi. Panapohusu Kenya tumetaja.

Kama sasa hivi unawaza kufa, au kufa pamoja na mtoto, anza na swali la "Nawaza bora tufe wote wawili". Mengine yatakusubiri.

Nitajuaje kama huu ni uchovu tu au ni ugonjwa?

Uchovu wa kulea hupungua ukipata mapumziko. Mtoto akienda kwa bibi yake siku mbili, mama aliyechoka hulala fofofo, akiamka ana njaa na anapiga soga na majirani. Mama mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu (depression), hupewa siku hizohizo mbili akabaki macho kodo usiku kucha, chakula hakipiti, akili inazunguka palepale. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha nyumbani.

Ni wachache wanaofika kituoni wakasema "nina huzuni". Wengi husema mawazo yamezidi, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili umeisha nguvu, au presha imepanda ilhali mashine inasoma 120 kwa 80. Maneno hayo yana uzito. Yakidumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na yakaambatana na kutofurahia chochote, ni wakati wa kupimwa.

Dodoso linalotumika sana ni PHQ-9, nalo lipo kwa Kiswahili. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, nguvu, chakula, kujiona umeshindwa, umakini, mwili kuzubaa au kuhangaika, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali hupewa alama 0 (hapana kabisa) hadi 3 (karibu kila siku). Jumla ya 5 hadi 9 ni dalili kidogo, 10 hadi 14 wastani, 15 hadi 19 kubwa kiasi, na 20 hadi 27 kali. Ukifika 10 nenda kituoni. Swali la 9 likipata alama yoyote isiyo sifuri, nenda leo, hata kama jumla ni ndogo.

Mtego mmoja: swali la usingizi. Mama anayeamshwa na mtoto mara 4 kwa usiku atajipa 3 hapo hata kama hana sonona. Mweleze anayekuhoji kama unakosa usingizi kwa sababu mtoto yuko macho, au unakosa hata yeye akiwa amelala. Tiba za hali hizo mbili hazifanani.

Kuna tofauti gani kati ya ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo na ugonjwa wa akili?

Mtaani vyote huitwa "matatizo ya akili", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Ulemavu wa akili ni uwezo mdogo wa kujifunza na kujihudumia unaoonekana tangu utotoni. Mtindio wa ubongo hasa huathiri misuli na mwendo. Baadhi ya wenye nao wana akili timamu kabisa, wengine wana vyote viwili. Ugonjwa wa akili, kama sonona, unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote na una matibabu. Mtoto hakukuambukiza, wala wewe hukumwambukiza.

Je, ni mimi niliyesababisha?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mlangoni, mtu akishaaga. Sababu zinazojulikana ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya kichanga isiyotibiwa mapema, malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, ukosefu wa madini joto wakati wa ujauzito, mambo ya vinasaba. Kwa watoto wengi sababu haipatikani hata wakipimwa. Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili, hutokana na kromosomu (nyuzi za vinasaba ndani ya seli) ya 21 kuzidi, na karibu mara zote hilo hutokea kwa bahati tu, seli zinapogawanyika. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea, hasa baada ya miaka 35, lakini akina mama wa miaka 22 nao huzaa watoto wenye hali hiyo.

Tusifiche kitu: pombe nyingi wakati wa ujauzito huweza kudhuru ubongo wa mtoto. Ila kubeba ndoo, kugombana na wifi, kuangalia jambo baya au kula mayai hakuleti ulemavu wa akili.

Lawama huganda kwa sababu hakuna aliyekaa na mama akamweleza. Siku ya kliniki sema hivi: "Daktari, naomba unieleze kwa ufupi kilichosababisha hali ya mwanangu, na kama hakijulikani uniambie hakijulikani." Nenda na baba yake au mama mkwe siku hiyo, wasikie kwa masikio yao. Maelezo ukiyabeba wewe mwenyewe kuyapeleka nyumbani, yatachukuliwa kuwa unajitetea.

Sijalala vizuri kwa miaka. Nianzie wapi?

Anzia hapa, kabla ya ushauri mwingine wowote. Mama asiyelala hawezi hata kunufaika na dawa za sonona inavyotakiwa.

Kwanza tafuta kinachomwamsha mtoto. Asiyeweza kusema "jino linaniuma" atalia saa 8 usiku. Mkague meno na masikio. Uliza kuhusu choo kigumu. Minyoo midogo myeupe hutoka usiku na kuwasha njia ya haja kubwa. Mmulike kwa tochi akiwa amelala. Mtoto anayekoroma na kukata pumzi, hasa mwenye Down syndrome, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Anayeamka ghafla akiwa amekakamaa au amekojoa wakati si kawaida yake, huenda ana kifafa cha usiku. Mrekodi kwa simu, video ya nusu dakika humsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

Pili, panga jioni. Asilale mchana baada ya saa 9 alasiri. Chai ya rangi na soda ya kola zikome saa 10 jioni. Simu na televisheni zizimwe saa nzima kabla ya kulala. Kisha fuata mambo yaleyale kwa mpangilio uleule kwa dakika 30: kuoga, nguo za kulala, kwenda kukojoa, taa kupunguzwa, wimbo mmoja. Usibadilishe wimbo. Mtoto huyu husoma saa kwa mpangilio wa vitu.

Akiamka, mrudishe kitandani bila mazungumzo, bila taa kubwa, bila chakula, bila simu. Usiku wa kwanza mpaka wa 7 mambo huweza kuwa mabaya zaidi kabla ya kutulia. Hapa ndipo wengi huanguka: usiku wa 5 mama amechoka, anampa simu, na mtoto anajifunza kwamba ukilia vya kutosha simu huja. Ni afadhali kutoanza kuliko kuanza na kuacha katikati, na kila mtu wa nyumba lazima afuate utaratibu mmoja, babu akiwemo.

Tatu, gawa usiku. Mtu mmoja anashika kuanzia saa 3 usiku hadi saa 8, mwingine saa 8 hadi saa 1 asubuhi. Shabaha ni wewe kupata saa 5 mfululizo. Usingizi wa mfululizo huburudisha kuliko wa kukatikakatika. Kama baba ni dereva wa safari au hayupo, tafuta shangazi au binamu wa usiku 2 tu kwa wiki, usiku wenyewe ujulikane.

Na tafadhali: Piriton, dawa ya kikohozi na valiamu si dawa za kumlaza mtoto. Kwa baadhi ya watoto Piriton huleta mchecheto badala ya usingizi. Valiamu hupunguza pumzi, na mtoto aliyezoeshwa akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege. Vivyo hivyo kwa mama: vidonge vya usingizi vikitumika wiki baada ya wiki, mwili huvidai.

Nikienda zahanati napewa Panadol na vitamini. Nakosea wapi?

Hukosei, ila unataja kichwa na mgongo, na unatibiwa kichwa na mgongo. Sema tofauti: "Nina wiki 4 silali hata mtoto akilala, chakula hakipiti, na kuna siku natamani nisiamke. Ninalea mtoto mwenye ulemavu wa akili. Naomba kupimwa afya ya akili." Sentensi hiyo ya mwisho hubadilisha safari.

Zahanati nyingi hazina mtaalamu wa eneo hili. Omba rufaa ya kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uulize siku za kliniki ya afya ya akili, maana mara nyingi si kila siku. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma hiyo. Juu yake kuna Muhimbili, Dar es Salaam, na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Kenya anza na hospitali ya kaunti. Mathari ya Nairobi ni ya rufaa. Jina la Mirembe limefanywa tusi mtaani, na kuna wanaokataa rufaa kwa sababu hiyo tu. Mgonjwa wa sonona mara nyingi hutibiwa akitokea nyumbani, harudi na alama yoyote usoni.

Omba pia upimwe wingi wa damu na, ikiwezekana, tezi ya shingo. Upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi vizuri huleta uchovu na uzito wa moyo unaofanana sana na sonona. Taja uzazi wa mpango, ujauzito na kunyonyesha bila kungoja kuulizwa. Na jaribu kupanga tarehe yako iangukie siku ya kliniki ya mtoto: nauli moja, safari moja.

Nimeandikiwa dawa. Nitakuwa mtumwa wake?

Dawa za sonona zinazopatikana kwa wingi, fluoxetine na amitriptyline, hazileti uraibu kama valiamu. Lakini hazikatishwi ghafla.

Fluoxetine kwa kawaida ni mg 20 mara moja asubuhi. Wengine huanzishiwa mg 10 kwa wiki ya kwanza. Hunywewa asubuhi kwa sababu ikinywewa usiku inaweza kufukuza usingizi. Wiki 2 za mwanzo huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi kidogo. Nafuu huanza kuonekana wiki ya 2 hadi ya 4, na kukamilika huchukua wiki 6 hadi 8. Tazama mpangilio huo: madhara huja kwanza, nafuu baadaye. Ndiyo maana wengi huacha siku ya 10 wakisema dawa imewazidishia. Kama huvumilii, rudi ukaseme. Kuna nafasi ya kubadilishiwa dozi au dawa.

Amitriptyline huanza kwa mg 25 usiku, kisha hupandishwa. Huleta usingizi, mdomo mkavu na choo kigumu. Mama ambaye ndiye pekee anayesikia mtoto akipata degedege usiku amwambie daktari hilo kabla ya kuandikiwa, kwa sababu anaweza kulala asisikie. Na vidonge hivi vikimezwa vingi ni hatari mno kwa moyo. Mtoto mwenye ulemavu wa akili wa miaka 12 anaweza kuweka kitu chochote mdomoni kama wa miaka 2, kwa hiyo juu ya kabati hakutoshi: viwe ndani ya kopo lenye kufuli. Ukiona unawaza kujidhuru, waambie wakupe za wiki moja moja.

Ukipona endelea na dawa kwa miezi 9 hadi 12, kisha zipunguzwe taratibu na aliyekuandikia. Kama umewahi kuwa na kipindi cha furaha iliyopitiliza, hulali na hauchoki, unatumia fedha ovyo, litaje mapema. Dawa hizi peke yake zinaweza kukirudisha.

Kuna tiba isiyo ya vidonge?

Ipo, na kwa dalili kidogo ndiyo hutangulia. Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao PM+ wa vikao 5, kimoja kwa wiki, kila kimoja dakika 90, unaoendeshwa na watu wa kawaida waliofundishwa. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, matokeo yakatoka mwaka 2017, na uliwasaidia. Ndani yake kuna mambo manne: kupumua taratibu, kutatua tatizo moja moja, kurudia shughuli ulizoziacha, na kutafuta watu wa kukushika mkono.

La pili ndilo linalowafaa sana akina mama hawa. Chukua karatasi, andika yote yanayokusumbua. "Mwanangu hatakuwa kama wenzake" halitatuliki wiki hii. Liweke upande wake. "Mwalimu ananipigia kila siku nimfuate saa 5" linatatulika. Chagua hilo, andika njia 5 hata za kipuuzi, jaribu moja kwa siku 7. Mama mwenye sonona huanza na lile kubwa, anashindwa, anaona hata madogo hayawezekani.

Shirika hilohilo lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani. Uliza kwa afisa ustawi wa jamii kama yanaendeshwa karibu nawe.

Mwanangu ana miaka 9 bado anavaa nepi. Hilo nalo ni afya ya akili?

Nepi 4 kwa siku, ndoo 2 za maji ya kufulia, mgongo unaouma, harufu inayokufanya usikaribishe wageni. Ndiyo, ni afya ya akili. Kila anachojifunza mtoto kukifanya mwenyewe ni mzigo unaotoka begani kwako.

Kwa siku 5 mkague kila saa, uandike mkavu au kalowa. Utaona mpangilio, kwa mfano hulowa dakika 40 baada ya uji. Kisha mpeleke chooni dakika 10 kabla ya wakati huo, akae dakika 5, si zaidi. Akifanya, msifu palepale kwa neno lilelile. Akikosa, mbadilishe kimya. Mvalishe bukta yenye mpira kiunoni, si suruali ya zipu na mkanda. Hesabu miezi, usihesabu wiki.

Kuvaa kunafundishwa kwa kuanzia mwisho. Mvalishe fulana mpaka ifike kifuani, umwachie yeye aivute mpaka kiunoni. Akiweza, umwachie na mkono mmoja. Ukianza na mwanzo anakwama kila siku; ukianza na mwisho anamaliza kila siku.

Nimempiga. Siku nyingine namfungia ndani niende kibaruani. Mimi ni mama mbaya?

Wewe ni mama uliyeelemewa, na jambo lenyewe linapaswa kukoma. Yote mawili ni kweli.

Kipigo hutokea mara nyingi saa 11 jioni hadi saa 2 usiku: mtoto amechoka, wewe umechoka, jiko linawaka. Pika mapema saa hizo zisikukute jikoni. Ukihisi mkono unataka kunyanyuka, mkalishe mtoto kwenye mkeka mbali na moto, toka nje dakika 5, nawa uso, vuta pumzi kwa kuhesabu 3, itoe taratibu kwa kuhesabu 3, mara 10. Mwite jirani kwa jina.

Kumfungia ndani ni hatari kwa moto, kwa degedege, na kwa mtu mwenye nia mbaya anayejua kwamba mtoto yuko peke yake na hawezi kusema. Kumfunga kamba ni vibaya zaidi. Uliza shule za msingi za kata yako ni ipi yenye kitengo cha elimu maalumu. Nafasi ikikosekana, akina mama 3 wanaweza kupeana zamu: mmoja anabaki na watoto wote Jumatatu na Jumanne, wengine wanakwenda kazini. Zamu hizi hufa kwa jambo moja, yule ambaye mtoto wake ni mzito zaidi kuonekana anapunja. Likubalini siku ya kwanza, ikibidi yeye achangie unga.

Nawaza bora tufe wote wawili.

Wazo hili huwajia akina mama wanaowapenda watoto wao sana. Huja likijifanya huruma: "nikiondoka atateseka, afadhali niende naye." Ni dalili ya ugonjwa mkali, na hutibika. Fanya haya sasa, kwa mpangilio huu.

Mkabidhi mtoto kwa mtu mzima mwingine, hata jirani, hata kwa saa chache. Usibaki peke yako, mwambie mtu mmoja maneno haya haya bila kuyapunguza: "Nawaza kujiua na mtoto, usiniache." Mtu huyo aondoe nyumbani dawa zote na sumu za shamba na za panya. Kisha nendeni hospitali leo, usiku huu, mlango wa dharura, si kungoja Jumatatu. Kuhusu usalama wa mtoto, namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya. Kenya ipo pia 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa msaada wa kisaikolojia.

Kuna wanaonyamaza wakiogopa polisi. Kuwa na mawazo haya na kumwambia daktari si kosa la jinai, Tanzania wala Kenya.

Wewe unayeambiwa: usiseme "toba!", wala "mbona wenzako wanavumilia". Uliza moja kwa moja kama amepanga lini na kwa namna gani. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Ukipewa jibu lenye siku au kitu, usimwache hata aende chooni peke yake.

Mchungaji au shehe amesema tuache dawa tuombe.

Ombeni, na dawa mnywe. Mtoto mwenye kifafa akikatishwa dawa ghafla anaweza kupata degedege isiyokatika, na hiyo huua. Viongozi wengi wa dini wakielezwa hivyo hukubali. Mwendee na kadi ya kliniki mkononi. Na anayekutaka ufunge siku 7 ukiwa na sonona, huli, hulali, mwambie kwamba daktari amekukataza.

Baba yake amesema kwao hakuna watoto wa hivi, ameondoka.

Matunzo ya mtoto ni wajibu wa wazazi wote wawili chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009; Kenya ni Sheria ya Watoto ya 2022. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Nenda na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, na orodha ya matumizi ya mwezi kwa shilingi: nepi, dawa, nauli, chakula. Kesi nyingi hukwama kwa sababu mama amefika na kilio bila orodha. Kama kuna kupigwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi; Kenya, piga 1195.

Kuna pia baba ambaye yupo ila amejificha kazini kwa sababu hajui afanye nini. Huyo mpe kazi moja tu ya kudumu, kwa mfano kumwogesha kila jioni. "Unisaidie basi" humshinda. "Saa 12 ni wewe na beseni" anaiweza.

Kuna msaada wowote wa fedha?

Tanzania: kaya maskini huingizwa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya hizo, kupitia mkutano wa kijiji au mtaa, ulemavu wa mtoto usemwe wazi wakati wa kuandikishwa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mama anaweza kuomba kupitia kikundi cha wanawake. Msamaha wa gharama za hospitali huombwa dirisha la ustawi wa jamii, kabla ya kulipa. Kenya: mwenye ulemavu mkubwa anaweza kupata Ksh 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii, zikipokelewa na mlezi, mwandikishe kwanza Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Vikundi vya wazazi vinasaidia kweli?

Vikipangwa vizuri, sana. Watu 8 hadi 12, saa moja na nusu, kila wiki 2, shuleni au kliniki walipo tayari. Wawili kwa zamu wakae na watoto chumba cha pili. Bila hivyo hakuna anayesikiliza. Kikundi kisigeuke kikoba kabla ya miezi 3: fedha ikitangulia, anayedaiwa huacha kuja, na mara nyingi ndiye aliyehitaji kikundi kuliko wote. Kila kikao kiwe na nusu saa ya kujifunza jambo moja, kama choo au kifafa. Vikao vya kulia tu huchosha, watu hurudi nyumbani wazito kuliko walivyokuja.

Nikifa nani atamlea?

Hofu hii hupungua kwa kuandika, si kwa kuambiwa usiwaze. Tengeneza karatasi ya makabidhiano, pande mbili, nakala 2. Andika jina, umri, dawa na saa zake. Akipata degedege: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa, ikipita dakika 5 hospitali. Chakula: anatafuna au kinapondwa? Lugha yake: "akigonga kikombe ni kiu, akivuta sikio amechoka." Saa za choo. Vinavyomtisha, kama blenda au jogoo. Vinavyomtuliza.

Kisha ijaribu ukiwa hai. Jumamosi moja, kwa muda wa saa 3 tu, wewe ukiwa jirani. Wiki mbili baadaye, siku nzima. Baadaye usiku mmoja. Kosa la kawaida ni kumwacha kwa dada bila karatasi: baada ya saa moja simu inalia, mama anarudi mbio, na kuanzia hapo anaamini hakuna mwingine anayeweza. Kilichokosekana pale ni maelezo ya kikombe na sikio.

Mimi ni wifi (au mama mkwe, au jirani). Nimsaidieje bila kumkera?

Usimuulize "nikusaidie nini?"; hiyo ni kazi nyingine unampa, kufikiri jibu. Usimwambie Mungu humpa mzigo anayeweza kuubeba. Mwambie: "Jumamosi saa 3 nakuja, nakaa naye mpaka saa 7, wewe lala." Omba ile karatasi. Fika saa 3 kasoro. Ukimkuta amekaa sebuleni anakusimamia, mpe khanga umwonyeshe chumba. Na Jumamosi inayofuata, rudi.